Mara ya 4 mwaka huu naambiwa nina taifodi na UTI, hivi huwa wanapima nini?

Mama Nahya

Habari zenu wapendwa, hasa madokta na watu wa maabara mliomo humu. Naombeni mnisaidie maana nimechoka na hela imeisha.

Mimi ni mwanamke miaka 34, nauza vitenge Kariakoo, duka letu liko ghorofa ya tatu. Tangu mwezi wa pili mwili wangu siuelewi. Kichwa kinauma, viungo vimelegea, nikipanda zile ngazi na mzigo moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa, tumbo linajaa gesi, mdomo hauna ladha. Nkaenda zahanati moja karibu na nyumbani (jina naliacha), nikamwambia dokta nasikia homa, hata macho hajanyanyua, akaandika karatasi nenda maabara. Majibu yakaja malaria hamna, taifodi 1:160, UTI pus cells (chembe za usaha kwenye mkojo) 4-6. Nikachomwa sindano za siku 5 na vidonge vya antibayotiki, sipro, juu. Nikapata nafuu kama wiki mbili hivi, ikarudi.

Mwezi wa nne nikabadilisha hospitali nikidhani wale wa kwanza dawa zao feki. Taifodi 1:160, UTI. Mwezi wa sita taifodi 1:320, yule akaniambia imeshakuwa sugu, nikapewa azuma na sindano tena. Wiki iliyopita ndo ya nne, taifodi na UTI vile vile, na sa hivi kumeongezeka na miwasho huko chini wanasema ni UTI sugu.

Maji nachemsha. Kachumbari ya mtaani nimeacha, mpaka chipsi za barabarani nimeacha. Mume wangu na watoto tunakunywa ndoo moja na hawajawahi kuumwa hata siku moja. Mama mkwe yeye anasema kuna mkono wa mtu.

Swali langu ni hivi, kuna taifodi isiyosikia dawa? Na kama ipo dawa yake ni ipi niitafute hata kama ni ya gharama, maana sindano za mkononi mishipa imeshakuwa migumu.

---

Kipanya Mtata

Dada hiyo ni sugu hakuna ubishi. Dawa za hospitali zinaituliza tu haziing'oi. Tafuta majani ya mlonge, kitunguu saumu punje 7 na tangawizi, chemsha kunywa asubuhi kabla hujala siku 21. Mimi iliniisha 2019 mpaka leo sijui taifodi inafananaje.

---

Mtu wa Hadubini

Kipanya acha kumpoteza mtu bana.

Mama Nahya pole dada yangu. Mimi niko maabara mwaka wa 11 huu, nilianzia zahanati za mtaani sa hivi niko hospitali ya mkoa, kwa hiyo hicho kipimo nimekipima kwa mikono yangu mwenyewe na mengine ntakayoyasema hapa najisema na mimi.

Ulichopimwa kinaitwa Widal, ni jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Yaani hata ndege ilikuwa haijaruka bado. Uzee sio kosa, tatizo ni kwamba hicho kipimo HAKIMTAFUTI mdudu. Kinatafuta antibodi, wale askari ambao mwili unawatengeneza ukishambuliwa. Sasa askari hawavunji kambi vita ikiisha, wanakaa miezi, wengine mwaka na zaidi. Halafu wapo walioajiriwa kupigana na adui mwingine kabisa, salmonela (ukoo wa mdudu wa taifodi) wa aina nyingine, hata malaria inaweza kukitikisa hicho kipimo kikasoma. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia Dar, akala chakula cha Dar, kukuta hao askari kwenye damu yake ni kama kukuta vumbi kwenye kiatu.

Na hiyo 1:160 mnayoiogopa sio idadi ya wadudu. Maana yake damu yako, ule majimaji wake, umezimuliwa mpaka mara 160 na bado unagandisha dawa ya kupimia. Basi. Na hapo naongea kama walizimua kweli. Nyie mnadhani tunafanyaje? Kigae cheupe, tone la seramu (hayo majimaji ya damu), tone la dawa ya rangi, moja ya bluu moja nyekundu, unatikisa dakika moja unaangalia kama kuna vichenga chenga vya mchanga. Ukichelewa kusoma kwa sababu kuna foleni ya watu 40 nje, tone linakauka pembeni nalo linafanana na lililoganda. Dawa zenyewe zinatakiwa zikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, umeme ukikatika kutwa nzima nani anazitupa? Sitaji mtu, mimi sikuzitupa.

Ili Widal iwe na maana ilitakiwa upimwe mara mbili, leo na baada ya siku 10 mpaka 14, ikipanda mara nne, tuseme kutoka 1:40 kwenda 1:160, hapo unaweza kusema kitu. Sijawahi kuona mgonjwa wa zahanati aliyeambiwa arudi apimwe ya pili. Anaambiwa arudi kuchomwa sindano.

Fanyeni hesabu ndogo ya kufikirika tu. Chukua watu 1,000 wanaojisikia vibaya, wenye taifodi ya kweli wawe 10. Kipimo kikamate 8 kati yao, sio mbaya. Wale 990 wasio nayo, kipimo kikikosea kwa 10 tu katika kila 100, unapata watu 99 wenye karatasi ya taifodi. Jumla karatasi 107, wagonjwa wa kweli 8. Sasa we Mama Nahya uko kwenye 8 au kwenye 99?

Kipimo cha kumkamata mdudu mwenyewe ni kuotesha damu, sisi tunaita kalcha. Inachukuliwa damu nyingi kidogo, mtu mzima mililita 8 mpaka 10 hivi, KABLA ya kuanza antibayotiki, inasubiriwa siku kadhaa. Nayo sio malaika, inakamata kama 6 katika 10 wenye ugonjwa, lakini ikimwotesha umempata na unapima hapo hapo dawa gani inamuua. Zahanati hawana, tafuta hospitali za rufaa.

---

Tabibu Tumaini

Naona watu wa maabara leo mmepata pa kusemea, kana kwamba Widal huwa tunajiandikia sisi na kujisomea wenyewe 😂

Mimi ni tabibu, nimekaa zahanati vijijini miaka 6, sa hivi niko kituo cha afya. Mtu wa Hadubini kasema kweli ila aseme na ya upande huu. Mgonjwa anaingia anasema dokta naomba unipime malaria, taifodi na UTI. Ameshajipangia. Ukimwambia mama hii ni mafua tu ya virusi nenda kapumzike unywe maji, anatoka analalamika mpaka getini kwamba yule tabibu hajui kitu, kesho anaenda kwa jirani anapata sindano na dripu na analipa mara tano zaidi kwa furaha. Mwenye kituo binafsi anaangalia hesabu mwisho wa mwezi, maabara imeingiza ngapi. Mimi niliwahi kuitwa nikaulizwa mbona vipimo unavyoandika ni vichache. Kwa hiyo tusipigane sisi kwa sisi.

Ila Mama Nahya nina swali, na nisamehe kama litaonekana la kitoto. Katika hizo mara nne, nani alikuwekea kipimajoto? Ulikuwa nyuzi ngapi?

Nauliza kwa sababu kiswahili chetu kinatuponza. Mtu akisema "nasikia homa" anaweza kumaanisha mwili umechemka, au umechoka, au hajisikii kazi leo. Tunayaita yote homa. Halafu hiyo taifodi tukaipa jina "homa ya matumbo", basi kila mwenye gesi, kiungulia, choo kigumu, anajua ni homa ya matumbo. Wakati taifodi ya kweli homa yenyewe ndo ugonjwa. Inapanda taratibu siku hadi siku mpaka nyuzi 39, 40, haishuki, mtu analala kitandani, hali, wiki ya pili anaweza kuanza kuongea mambo yake peke yake. Mtu mwenye taifodi kweli hapandi ghorofa ya tatu na robota la vitenge.

Na kitu kingine. Taifodi ya kuhitaji zile sindano tunachoma siku 10 hivi, mpaka 14. Siku 5 ni dozi ya "wacha tuone".

---

Mkurya wa Sirari

Mnavyoongea hapo juu ni sawa lakini angalieni watu wasije kudhani taifodi ni hadithi. Mdogo wangu 2017 alikuwa machimboni, maji wanakunywa ya kisima kile kile wanachooshea kila kitu. Homa wiki nzima, akanunua dawa ya mseto duka la dawa bila kupima, akamaliza, homa ipo. Akanunua nyingine. Wiki ya tatu tumbo likakaza kama ubao, ukiligusa anapiga kelele, tukamkimbiza rufaa wakampasua usiku huo huo. Utumbo ulikuwa umetoboka. Alikaa na mfuko wa choo miezi minne. Ni mzima leo, ila alibaki mifupa.

Kwa hiyo ukiwa na homa ya kweli kwa siku nyingi usikae kusoma uzi mtandaoni, nenda hospitali kubwa.

---

Mtu wa Hadubini

Mkurya umenena na pole kwa mdogo wako. Hicho ndo kinachoniuma hata mimi. Tukimpa kila mtu karatasi ya taifodi, yule mwenye taifodi yenyewe anapotelea katikati ya hao hao, na dawa zikishazoeleka mtaani siku anakuja hazimsaidii. Pakistani tangu 2016 wana taifodi inayopuuza karibu dawa zote za kawaida pamoja na hiyo sindano ya siku 5, imewabakia azithromycin ya vidonge na sindano za bei mbaya sana. Sisi azuma, ndo hiyo hiyo azithromycin, tunanunua kama pipi.

Na kwa anayedhani naongea ya kijiweni, kuna utafiti ulichapishwa 2014, watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, wakapimwa karibu kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa 10.5%, taifodi 3.7%, UTI 5.9%. Zaidi ya 60% ilikuwa ni mambo ya njia ya hewa, mafua na kifua, na wengi ni virusi ambavyo antibayotiki haivigusi. Mwingine ulifanyika Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa na homa kati ya 2007 na 2008, 528 waliandikwa malaria. Walipopimwa vizuri waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na nne! Wengine walikuwa na magonjwa ya mifugo na panya na kupe ambayo zahanati zetu hata kipimo chake hatuna, leptospira, brusela, homa ya Q. Zamani tulikuwa tunasingizia malaria, vipimo vya haraka vya malaria vilipokuja tukakosa wa kumsingizia, tukamhamia taifodi. Hayo ni maoni yangu, msiyanukuu 😅

---

Jirani wa Kayole

Sasa nyinyi majirani mnadhani ni nyinyi peke yenu? Hapa Nairobi ukiingia kliniki za mtaa na kichwa, unatoka na taifodi, ameba na brusela kwa karatasi moja. Mimi niliambiwa nina brusela na sijawahi kugusa ng'ombe, maziwa yangu ni ya pakiti. Nikadungwa sindano kila asubuhi wiki mbili mpaka nikawa nakaa kwa matatu nikiegemea upande mmoja. Kichwa bado. Nikaja kupimwa presha kwa ile meza ya wasamaria wako nje ya supamaketi, 172 kwa 110. Yaani miezi yote hiyo hakuna mtu alinifunga ile kitu kwa mkono. Na kipimo cha brusela wanachotumia hizo kliniki ni ndugu yake Widal, ni kugandisha tu kwa kigae.

Ila wa Sirari ako sawa, taifodi iko, mitaa yenye maji yanapita kando ya mtaro wa choo iko sana. Ndio maana Julai 2025 serikali ilichanja watoto wa miezi 9 mpaka miaka 14. Wangu wawili walidungwa shuleni.

---

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mama Nahya mwanangu, asalaam alaykum. Mie si daktari, ni mtu mzima tu niliyezaa saba. Nimeyasoma yote haya ya kigae na namba, sikuona mtu aliyekuuliza.

Unakula udongo?

Na siku zako zinakuwaje, zinakuja za kiasi ama unamwaga? Hebu simama mbele ya kioo ufunue jicho kwa chini, panatakiwa pawe pekundu kama nyama ya papai. Kama peupe, usihangaike na matumbo.

---

Mama Nahya

Waalaykum salaam bi mkubwa, jamani UMEJUAJE?? Nakula udongo wa Pemba pakti mbili kwa siku, nanunua hapo hapo chini kwa wauza viungo, nikiukosa nasikia kama nataka kulia. Nilidhani ni tabia tu imenibakia tangu mimba ya Nahya. Na barafu natafuna.

Siku zangu ni siku 8, za kwanza tatu ni balaa, pedi mbili mbili, usiku natandika kanga ya zamani. Nilijua ni kwa sababu niliacha sindano za uzazi mwaka juzi. Hakuna dokta aliyeniuliza, na mimi sikusema maana wote walikuwa wanaume na nilienda kwa ajili ya taifodi.

Jicho nimeangalia. Peupe. Nimemwita mume wangu aangalie na yeye akasema mbona kama karatasi.

Tabibu, kipimajoto hajaniwekea mtu hata mmoja.

---

Tabibu Tumaini

Bi mkubwa shikamoo, leo umetuvua nguo wote humu 🙈

Mama Nahya kesho, sio wiki ijayo, nenda hospitali ya wilaya au mkoa. Mwambie daktari hivi hivi ulivyotuandikia sisi: udongo, barafu, siku 8, moyo kudunda kwenye ngazi. Omba kipimo cha wingi wa damu, picha kamili ya damu, FBP. Usiridhike na HB (kiwango cha damu) peke yake kama FBP ipo, kwa sababu FBP inaonyesha na ukubwa wa chembe, zikiwa ndogo na zimepauka ujue madini chuma yamekwisha. Ultrasaundi ya kizazi. Kipimo cha mimba. Presha na joto lazima, usitoke chumbani bila hivyo viwili. Kama kuna kupungua uzito, kutoka jasho usiku au kikohozi sema pia, kuna TB na VVU vya kuangalia, usiogope kupima. Ukianza kuhema umekaa tu, au kizunguzungu cha kuanguka, nenda usiku huo huo.

Na hizo karatasi zote nne beba. Usiende ukasema "nina taifodi", ukishalitaja tu umemfungia daktari mlango.

Kuhusu UTI. UTI ya kweli inaunguza ukikojoa, unaenda chooni kila mara kidogo kidogo, chini ya kitovu panauma. Wewe hujataja hata moja. Hizo pus cells 4-6 kwa mwanamke zinaweza kuwa zimetoka ukeni tu zikadondokea kwenye kikopo. Mkojo unachukuliwa hivi, unajisafisha kwa maji, unamwaga wa kwanza, unakinga wa katikati, wa mwisho unamwaga. Umewahi kuelekezwa? Najua jibu. Unapewa kikopo unaonyeshwa choo.

Na huo muwasho nahisi ni fangasi, na tumekuletea sisi. Antibayotiki raundi nne zinaua mpaka wale bakteria wema wanaolinda huko, fangasi wanasherehekea, unawashwa, unaambiwa UTI sugu, unaongezewa antibayotiki. Hilo duara nimeona mwanamke kalizunguka miaka miwili.

---

Kipanya Mtata

Kwa hiyo mlonge wangu mimi ulitibu nini 2019? 🤔

---

Mtu wa Hadubini

Ulitibu mafua yako yaliyokuwa yanaisha yenyewe mkuu. Ila mlonge mboga nzuri, kula.

---

Mama Nahya

Wapendwa nimerudi, nisameheni siku 9 kimya.

Nilienda. Daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, nikamwaga yote mpaka udongo, hakucheka. Joto 36.7. Presha ya kawaida. Mkojo nimechukua kama tabibu alivyonielekeza, umetoka safi kabisa hauna kitu. FBP ikasoma HB 7.1 na chembe ndogo zimepauka kama alivyosema. Anasema mwanamke asiye na mimba inatakiwa 12 na kuendelea, kwa hiyo nilikuwa natembea na nusu na kidogo. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kizazi, viwili, mkubwa una sentimita 5. Damu hawakuniongezea kwa sababu anasema mwili umezoea taratibu na moyo bado unamudu. Nimepewa vidonge vya madini chuma, na vingine vya kupunguza kutoka damu siku za hedhi, na vya kuweka kwa ajili ya fangasi. Miadi ya daktari wa kinamama mwezi ujao kuongelea huo uvimbe.

Nikamuuliza na taifodi je, nioteshe damu? Akaniambia mama huna homa, tuoteshe nini. Zile karatasi nne akaziangalia moja moja akazirudisha kwenye bahasha bila kusema neno. Hilo ndo liliniuma kuliko angesema.

Nimepiga hesabu. Vipimo, sindano, nauli, siku nilizofunga duka, ni zaidi ya laki nne. FBP nimelipa elfu kumi na tano.

Kitu kimoja sijakielewa mpaka leo. Kama haikuwa taifodi, kwann kila nikichomwa nilikuwa napata nafuu? Sio uongo, nilikuwa napata kweli.

---

Mtu wa Hadubini

Hongera kwa kurudi kutuambia dada, wengi huwa wanapotea na majibu yao.

Nafuu ilikuwepo, sibishi. Zile siku 5 za sindano ulikuwa unapanda na robota ghorofa ya tatu?

---

Mama Nahya

Hapana, mdogo wangu ndo alikuwa anakaa dukani. Nilikuwa nachoma asubuhi narudi nalala.

---

Mtu wa Hadubini

Basi ndo hiyo dawa yako. Mtu mwenye damu 7 akilala siku 5, hanyanyui kitu, anapikiwa, anajisikia binadamu. Na naamini mara nyingi ulienda hospitali ukiwa umetoka tu kwenye siku zako ukiwa umekauka, wiki mbili zinazofuata mwili unajikusanya kidogo, halafu zinakuja zingine.

---

Mama Nahya

Wallahi ni kweli, mwezi wa sita nakumbuka nilienda siku ya pili baada ya kumaliza.

Tabibu swali la mwisho. Hivi vidonge vinanichafua tumbo, na choo kimekuwa cheusi kama lami niliogopa. Niache? Na chai naruhusiwa? Bila chai ya maziwa asubuhi mimi siamki.

---

Tabibu Tumaini

Usiache. Choo cheusi ni madini yenyewe, kawaida. Tumbo likisumbua sana meza na chakula kidogo, au mwambie daktari akupunguzie, kuna wanaomeza mara moja kwa siku au siku moja ndiyo moja hapana na damu inapanda vizuri tu. Chai kunywa lakini itenganishe na kidonge saa moja au mawili, majani ya chai yanayashika hayo madini hayapiti, na maziwa hivyo hivyo. Mezea maji ya limao au chungwa. Maini, dagaa, nyama nyekundu ukiweza. Rosela kunywa kwa ladha, wekundu wake ni rangi, watu wanadhani ni damu ya kwenye chupa.

Ukirudia HB baada ya wiki 3 au 4 inatakiwa iwe imepanda kama 2 hivi. Isipopanda kuna kitu, wasikuambie endelea tu. Na ikifika 12 usitupe vidonge, vinaendelea miezi mitatu mingine kujaza akiba. Huo uvimbe usiuache ukasahau kwa sababu unajisikia vizuri, ndo bomba linalovuja.

---

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Alhamdulillah mwanangu. Na ule udongo, umeuacha?

---

Mama Nahya

Bi mkubwa hamu yenyewe inaondoka taratibu, nashangaa. Imebaki nusu pakti kwenye droo ya dukani.

---

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mpe mdogo wako akautupe. Si wewe, yeye.